Barua ya Cheo Haimfundishi Mtu Kusimamia

Katika magereza yetu mfungwa aliyewekwa kuwaangalia wafungwa wenziwe huitwa nyapara, na huku nje, viwandani na mashambani, jina hilo hilo hutupiwa mkubwa wa kazi aliye mkali bila ya insafu, hata ikawa hapana mtu mwenye kujali nemsi yake apendaye kuitwa hivyo mbele ya wanawe. Zamani neno hili lilikuwa na heshima. Asili yake ni Unyamwezini, ambako mnyampara alikuwa mzee mwenye kuulizwa shauri. Na katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikishuka kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kila mpagazi na frasila zake 2 za pembe au bidhaa begani, yaani zaidi ya kilo 30, mnyampara ndiye aliyekuwa mkubwa wa kundi, ajuaye nani ameumia mguu, nani hajapata posho, na ni wawili gani wasiofaa kulala kwenye moto mmoja usiku. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mshika bendera na mjuzi wa njia, ambaye ndani ya jina lake kila msema Kiswahili hulitambua neno letu la leo, kiongozi.

Mnyampara yule hakuwa na ofisi ya kujifungia wala barua za onyo za kugawa. Wapagazi wa Unyamwezi walikuwa watu wa ujira, na silaha yao dhidi ya mkubwa dhalimu ilikuwa moja, nayo ilitosha: kutua mzigo kando ya njia kabla ya alfajiri na kurejea makwao. Asiyejua kuwaweka watu aliamka akazikuta pembe peke yake porini. Kwa hiyo usimamizi wake ulipimwa kila siku kwa hesabu isiyoweza kughushiwa, na maarifa yake aliyapata kwa kutembea miaka mingi nyuma ya wanyampara wengine, akibeba mzigo kwanza na kutazama, hata siku moja watu wenyewe wakaona kuwa anafaa kufuatwa.

Kilichoishusha kazi hii daraja ni mashamba makubwa. Mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ulitaka mikono maelfu kwa maelfu, na mikono hiyo ikahesabiwa kwa kadi ya kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama pindi kazi iliyopimwa ilipotimia. Nyapara wa shambani akawa mwenye kuamua kama siku ya mtu ihesabiwe au ipotee. Hakudaiwa kumfunza manamba, yaani kibarua wa shamba hilo, aliye mgeni namna ya kulikata jani bila ya kujikata mwenyewe, wala hakudaiwa kulijua jina lake. Alidaiwa idadi tu, na aliyekuwa juu yake naye alidaiwa idadi tu. Mwanadamu akipewa mamlaka ya kukagua bila ya dhima ya kufundisha, hana budi kuwa nyapara kwa maana ya leo, awe na moyo mwema au mbaya, kwa maana kazi yenyewe haimwachii nafasi ya kuwa kitu kingine.

Nimelianzia mbali jambo hili kwa kuwa naona urithi uliotufikia katika viwanda na ofisi zetu ni wa shamba la mkonge kuliko wa msafara. Tazama jinsi msimamizi anavyopatikana. Yupo fundi wa mitambo aliyetumikia miaka 12, ambaye mashine ikilia huyajua maradhi yake kwa sikio kabla ya kuifungua. Nafasi ya juu inapokuwa wazi mwajiri hutaka kumtunuku, na kwa kuwa katika taratibu zake hapana njia nyingine ya kumwongezea mtu mshahara ila kumwongezea watu wa kuwatawala, humwandikia barua ya cheo. Ijumaa fundi ameondoka akiwa mmoja katika wenziwe. Jumatatu anarudi akiwa supavaiza wa wale wale aliokuwa akila nao wali na maharage kwa mama ntilie. Barua imetaja mshahara mpya, imetaja posho ya simu, imetaja tarehe ya kuanza. Juu ya namna ya kumwambia rafiki wa miaka 12 kwamba kazi yake ya leo imeharibika na itabidi irudiwe, barua haikuandika neno.

Kwa mtu huyo zipo njia mbili zilizo karibu, na zote mbili humpoteza. Ya kwanza ni kuendelea kuwa fundi: kila mashine isimamapo hukimbilia spana, humwondoa kijana aliyekuwa akijaribu, huitengeneza mwenyewe kwa muda wa dakika chache, na watu humsifu, ilhali mwaka ukiisha hapana mwingine katika zamu ile ajuaye kuitengeneza, na yeye mwenyewe hajaweza kwenda likizo hata kuzika. Ya pili ni hofu ya kudharauliwa. Asipojua afanye nini na watu, huanza kuwaonyesha kuwa yeye ni nani; huongeza sauti, hununa asalimiwapo, hutaka aombwe ruhusa hata ya kwenda msalani. Wenzake wa jana husema kuwa cheo kimembadilisha. Mimi husema kuwa cheo kilimkuta mtupu, akajifunika kwa nguo ya kwanza aliyoiona.

Nami niliwahi kuivaa nguo hiyo. Katika ujana wangu niliwekwa kuwasimamia watu 14 katika ghala moja la bandarini, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na hesabu zangu hazikukosea, sifa ambazo hazikuwahusu watu wale 14 kwa lolote. Wiki ya pili akaletwa kijana mgeni. Nikamwambia apange magunia ya mchele kwa kupishana, safu ya juu ikiufunika mwanya wa safu ya chini, kama mwashi apangavyo matofali, kisha nikaenda zangu mezani. Saa tisa alasiri rundo zima likateleza likaanguka. Mwenyezi Mungu alisitiri, hapana aliyekuwa chini yake. Nikatoka nikamkemea kijana yule mbele ya jamii ya watu, kwa maneno ambayo hata leo sipendi kuyakumbuka, naye akanitazama kimya, akajifuta mikono kwenye shati lake, akaanza kuyaokota magunia moja moja.

Jioni, nilipokuwa nikifunga daftari, akanijia mzee mmoja katika makuli, ambaye kwa umri alikuwa sawa na baba yangu, na kwa cheo nilikuwa mkubwa wake.

“Mwanangu,” akaniuliza, “yule kijana ulimwonyesha lini?”

“Nilimwambia asubuhi, mzee wangu.”

“Kumwambia sikukuuliza. Nauliza kumwonyesha.”

Sikuwa na jawabu. Akaniaga kwa adabu zote akaenda zake. Kesho yake kijana hakuja kazini, wala kesho kutwa. Nilimtafuta nimtake radhi nisimpate, na dhima hiyo ingali shingoni mwangu.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kusoma kwamba swali la mzee yule lilikuwa limekwisha kutungiwa mafunzo kamili. Huko Marekani, mwaka 1940, vita vikiwa vinakaribia na mafundi wazoefu wakielekea kuandikwa jeshini, viwanda vilianza kujaa watu wasiopata kugusa mashine, wanawake wengi miongoni mwao, na serikali ikatambua kwamba mlango wa kuwafikia wote kwa haraka ni msimamizi wa ngazi ya chini kabisa, yule asimamaye pembeni mwa mashine. Ikaundwa idara ya mafunzo ndani ya viwanda, ijulikanayo mpaka leo kwa herufi zake TWI. Kozi zake kubwa zilikuwa 3: ya kufundisha kazi, ya kuboresha njia za kazi, na ya mahusiano na watu. Kila moja ilichukua saa 10 tu, zilizogawanywa katika vikao 5 vya saa 2, na kila kikao kilikuwa na watu wachache walioweza kujuana kwa majina. Hata vita vilipokwisha mwaka 1945, watu zaidi ya milioni 1.5 walikuwa wamehitimu.

Yaliyofundishwa katika saa hizo yanaweza kuandikwa nyuma ya kadi ndogo, na kwa kweli ndivyo yalivyoandikwa, kila mhitimu akaiweka kadi mfukoni. Mwenye kufundisha kazi alitakiwa kwanza amtulize mgeni moyo na kupeleleza anajua nini. Kisha amwambie na kumwonyesha, hatua moja baada ya moja, akikazia pale penye siri ya kazi. Kisha amwachie aifanye mwenyewe, huku akieleza kwa kinywa chake anafanya nini na kwa nini. Mwisho amwache peke yake, akiwa amemjulisha wa kumwendea akikwama, na amrudie mara kwa mara mpaka haja ya kumrudia iishe. Katika mahusiano na watu alitakiwa amjulishe kila mmoja jinsi kazi yake inavyokwenda, amsifu anayestahili kabla sifa haijapoa, awaambie watu mapema mabadiliko yatakayowagusa, na autumie uwezo wa kila mtu ulipo; na palipozuka jambo, akusanye habari zote kabla ya kuamua, na katika habari hizo aingize maoni na hisia za mhusika mwenyewe. Nilipoifikia hatua ile ya tatu ya kufundisha kazi niliweka kitabu chini. Lau ningalimwacha kijana yule apange safu 3 mbele ya macho yangu, akinieleza kwa nini gunia hili linakaa juu ya mwanya ule, rundo lisingalianguka, wala yeye asingaliondoka.

Vita vilipokwisha, Wamarekani waliyaacha mafunzo haya yapoe, ilhali Wajapani waliyapokea wakayashika, na kampuni ya Toyota ikayaingiza katika malezi ya wasimamizi wake. Kutoka katika mila hiyo hiyo ya viwanda vya Japani zilitufikia zile S 5 za kupanga mahali pa kazi, ambazo Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kuzitumia mwaka 2007, na ambazo wauguzi wetu huzitaja kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Naitaja habari ya lugha kwa makusudi. Mafunzo mengi ya uongozi yatolewayo kwetu hutolewa kwa Kiingereza, kwa vitabu vya Kiingereza na mitihani ya Kiingereza, kisha mhitimu hurudi wodini au kiwandani ambako amri, lawama, pole na pongezi zote hutolewa kwa Kiswahili. Muuguzi kiongozi wa wodi aliyejifunza kwa lugha moja namna ya kumrekebisha mwenziwe bila ya kumfedhehesha, anaporudi huyatafuta maneno hayo katika lugha nyingine asiyapate, na yale yaliyo karibu na ulimi ni yale yale aliyoambiwa yeye alipokuwa mwanagenzi. Nani atashangaa basi kuona kozi imepita na wodi iko vile vile?

Wapo watakaosema kuwa maradhi yetu ni ukosefu wa adabu wala si upungufu wa ujuzi, na kwamba dawa ni kuwakanya wakubwa wa kazi. Dawa hiyo tumekwisha kuijaribu. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Namba 1 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma ya Tanzania, na Februari 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo, ambao katika ibara yake ya 15 ulimkataza kiongozi kiburi, ubadhirifu, dharau na udhalimu. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo wakaielewa vyema. Tangu mwaka huo hadi 1973 migomo ilienea katika viwanda vya Dar es Salaam, na mahali pengine wafanyakazi waliwafungia mameneja milango wakitaja ibara ya 15. Ghadhabu ile ilikuwa na haki ndani yake, kwa sababu watu walikuwa wametukanwa muda mrefu. Lakini Mwongozo ulieleza vile ambavyo mkubwa wa kazi asiwe, na kueleza asiwe vipi hakumfundishi mtu asubuhi afanye nini. Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kilifunguliwa Mzumbe mwaka 1972, na kimewatumikia wananchi kwa kiasi kikubwa hata kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Walakini hasa kiliwalea maofisa, wala nyapara wa zamu ya usiku hakupelekwa Mzumbe. Rai yangu ni kwamba mameneja wengi waliotishika na migomo ile waliacha kiburi na kuuacha usimamizi pamoja nacho, wakawa hawamkemei mtu wala hawamfundishi, na kazi ikabaki yatima.

Sheria ya siku hizi imekwenda mbali zaidi ya makatazo, na laiti mameneja wangeisoma kwa jicho la kujifunza, tofauti na jicho la kutafuta pa kuponea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, hairuhusu mtu aachishwe kazi ila kwa sababu halali na kwa utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa aelezwe tuhuma zake kwa namna anayoielewa, na apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kusikilizwa. Na kuhusu mtu anayesemwa kuwa hawezi kazi, kanuni zinauliza kama kipimo cha kazi kilikuwapo, kama mwenyewe alikijua au alitarajiwa kukijua, na kama alipewa nafasi ya haki ya kukifikia. Msomaji atazame vizuri maswali hayo. Ni swali la yule mzee wa ghalani, limevaa joho la sheria: ulimwonyesha lini? Meneja asiyekuwa na jawabu hushindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kisha hurudi akilalamika kuwa sheria inawapendelea wavivu, ilhali sheria imemwuliza jambo ambalo angalipaswa kujiuliza mwenyewe siku ya kwanza.

Mfano mwema tunao hapa hapa. Bagamoyo, mji ule ule ambako wapagazi walitua pembe, ndiko uliko Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ujulikanao kama ADEM, ambao huwafundisha walimu wakuu na wakuu wa shule kazi ya kuongoza shule, kwa kutambua kuwa mwalimu hodari wa hisabati hajawa kwa uhodari huo mwongozaji wa walimu 30. Viwanda, hospitali, maghala na ofisi za ardhi navyo vinayahitaji mafunzo ya namna hiyo, lakini fedha za mafunzo hupanda juu, zikawafikia wakurugenzi mara mbili kwa mwaka katika semina za siku 3 hotelini, na zisimfikie hata mara moja yule anayewapangia zamu watu 20 na kusikia malalamiko yao yakingali mabichi. Mkurugenzi akikosea, aghalabu hukosea katika karatasi, na karatasi ina wasomaji wengi wa kuikosoa. Msimamizi wa zamu akikosea, hukosea juu ya mtu.

Sidai kwamba kila sehemu ya kazi ijenge chuo. Nadai saa 2 kwa wiki mpaka zitimie saa 10, mahali pa kazi penyewe, kwa Kiswahili, kabla ya barua ya cheo kuandikwa. Na baada ya hapo miezi michache ambayo mteuliwa anakaimu chini ya jicho la msimamizi mzoefu, kama mpagazi alivyotembea nyuma ya mnyampara wake. Nadai pia kwamba msimamizi apimwe kwa watu aliowafundisha wakaweza, pamoja na idadi ya kazi iliyotoka. Na nadai apatikane pale kazi inapofanyika, maana lugha yetu imekwisha kumweleza: neno msimamizi linatokana na kusimamia, na kusimamia ni kusimama kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya mtu. Kiti kizuri na kiyoyozi vimekuwa alama za cheo hiki, hata watu wakadhani kuwa kuteuliwa ni kuruhusiwa kuketi.

Jambo moja zaidi nalisema kwa mkazo, kwa sababu limewadhuru wengi niwajuao. Si kila fundi bingwa aliyeumbwa kuwatawala watu, wala hapana aibu katika hilo. Fundi wa majahazi huzeeka na tezo mkononi, vijana wakimzunguka kumtazama, na heshima yake hukua kwa kadiri mvi zinavyomwota. Hapana aliyemwambia kuwa ili astahili malipo bora hana budi kuacha kuchonga akaandike mahudhurio. Waajiri wetu na waweke ngazi ya pili, ambayo fundi, muuguzi au karani bingwa ataipanda kwa ubingwa wake, mshahara ukipanda naye, bila ya kulazimishwa kuwa mkubwa wa mtu yeyote. Ngazi hiyo ikiwapo, wale watakaoomba kusimamia wenzao watakuwa ni wenye kuitaka kazi hiyo kwa ajili yake yenyewe, na kuwafundisha watu wa namna hiyo ni rahisi.

Kwako wewe mkurugenzi usomaye gazeti hili nyumbani leo, huenda iko barua ya cheo mezani kwako inayongoja saini ya Jumatatu. Iache ingoje siku chache. Mwite mtu ambaye jina lake limo ndani yake, umtafutie mgeni mmoja na kazi moja ndogo, umwombe amfundishe mgeni huyo nawe ukiwapo, ukitazama pasipo kusema neno. Akiweza, tia saini kwa moyo mkunjufu. Asipoweza, usimnyime cheo wala usimdharau, kwa kuwa hapana aliyemwonyesha. Mpe kwanza zile saa 10, kisha umwite tena.